Mistari Miwili ya Mchumba Wako

Barua ya wiki hii imetoka Mbagala, na nimeipa kona karibu nzima kwa sababu aliyeiandika ana siku chache za kuamua jambo kubwa, na jambo lenyewe mitaani kwetu husemwa kwa kubahatisha. Nimeipunguza, na kila kinachoweza kumtambulisha nimekitoa.

"Dada, shikamoo. Nina miaka 26, nafanya kazi saluni. Mchumba wangu ameshatoa mahari na matangazo yamesomwa kanisani mara mbili. Mchungaji alitutuma tukapime Ukimwi, kama anavyowatuma wote. Mimi ulitoka mstari mmoja, yaani sina virusi. Mwenzangu ikatoka miwili, yaani anavyo. Wakarudia kwa kipimo cha aina nyingine, kikatoa mmoja, wakasema majibu hayaeleweki, arudi baada ya siku 14. Tulipofika nje akaniambia, bila hata kutetemeka, kwamba miaka ya nyuma alijitolea kwenye utafiti wa chanjo ya Ukimwi chuoni, na walimwonya kuwa kipimo kinaweza kuja kumsoma hivyo hata kama hana virusi. Hajawahi kunigusia habari hiyo hata siku moja. Mama anasema mwanaume akibanwa hutunga lolote. Kamati imeshakusanya michango, sendofu ni mwezi ujao. Dada, kitu hicho kipo, au nachezewa akili?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Kitu hicho kipo. Kama ndicho kilichompata mwenzako, hapo mimi sijui, mama yako hajui, na aliyewapima pia hajui. Wanaoweza kujua ni watu wa maabara ya utafiti, na hao wako mjini hapa hapa, nauli ya daladala tu. Kabla hujaenda kwao, nataka uingie pale ukiwa unaelewa unachokwenda kuuliza.

Anza na kile kipimo cha kuchoma kidole. Wengi wetu tunaamini kinatafuta virusi. Hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na adui fulani, kila adui na askari wake. Ni kama kuamka asubuhi ukakuta nyayo kwenye mchanga wa uani. Nyayo zinakwambia kuna mtu alikanyaga hapa. Kwa kawaida, kwa virusi vya Ukimwi, aliyekanyaga bado yumo ndani, kwa sababu virusi hivi vikiingia haviondoki, ndiyo maana kipimo hiki kinaaminika na kimeokoa watu wengi. Lakini kinachosomwa ni nyayo.

Muulize mama yeyote aliyejifungua akiwa na maambukizi. Mtoto wake hakupimwa kwa mistari. Alichomwa kisigino akiwa na wiki nne hadi sita, damu ikadondoshewa kwenye karatasi, ikakaushwa, ikapelekwa maabara kutafutwa kirusi chenyewe. Kwa nini? Kwa sababu mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, na anaweza kubaki nazo hadi miezi 18. Kipimo cha mistari kingemsingizia malaika wa Mungu. Kwa hiyo jambo la mtu kuwa na kingamwili za Ukimwi bila kuwa na Ukimwi halikuanza na mchumba wako. Kliniki za wajawazito zinalijua.

Sasa chanjo. Kazi ya chanjo ni kuufundisha mwili kutengeneza askari kabla adui hajafika. Chanjo za Ukimwi zilizojaribiwa Dar es Salaam hazikuwa na kirusi kizima hata kimoja. Zilibeba vipande tu vya taarifa ya kirusi, vya kuuonyesha mwili sura ya adui. Haiwezekani mtu akapata Ukimwi kutoka kwenye vipande hivyo. Lakini mwili hauchagui: ukishaonyeshwa sura, unatengeneza askari. Ukimpima mtu huyo kwa kipimo kinachosoma askari, kinaweza kusoma.

Utafiti wa kwanza wa aina hiyo hapa mjini uliitwa HIVIS03, ukaanza mwaka 2007 pale Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kwa kushirikiana na Wasweden wa taasisi ya Karolinska. Unajua waliojitolea walikuwa akina nani? Askari polisi wa Dar es Salaam. Watu 60, wazima kabisa, waliokubali kuchanjwa, kutolewa damu, kurudi kliniki na kurudi tena kwa muda mrefu. Profesa Muhammad Bakari ndiye aliyeuongoza upande wetu, akiwa na akina Profesa Fred Mhalu, Profesa Eligius Lyamuya na Profesa Said Aboud, yule aliyekuja baadaye kuiongoza NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ushirikiano wa Muhimbili na Sweden ulikuwapo tangu mwaka 1986, miaka mitatu tu baada ya wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Kagera. Hii ni kazi ya watu walioota mvi ndani yake.

Na hilo la mistari hawakulificha. Mtafiti wa hapo Muhimbili, Agricola Joachim, ameandika kwa kina kuhusu kingamwili za waliochanjwa katika tafiti hizo na zilizofuata, pamoja na vipimo vya kawaida kuwasoma kana kwamba wameambukizwa. Ndiyo maana wanaojitolea huambiwa: ukitaka kupima, njoo kwetu, usipime kwingine. Mwenzako alipima kwingine kwa sababu mchungaji alitaka cheti, na huenda aliona haya kueleza. Hapo ndipo mlipojikwaa.

Nikupeleke ndani kidogo, kwa sababu najua neno "maabara" linakutisha. Mimi mwenyewe lilinitisha mpaka binti wa jirani yangu wa Tandika, aliyeajiriwa kwenye maabara moja ya chuo, aliponiombea ruhusa nikachungulia. Damu ya mtu hutoka mkononi ikiwa na haraka. Chembe hai zinazotakiwa zinahitaji kutengwa ndani ya saa chache, zikichelewa zinakufa. Kwa hiyo mtu wa kwanza muhimu katika kazi hii ni dereva mwenye boksi la sampuli, anayepambana na foleni ya Kilwa Road kama wewe na mimi. Mirija ikifika, inawekwa kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi, na ikisimama, damu imejipanga yenyewe: nyekundu chini, maji ya manjano juu, na katikati ukungu mwembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa. Binti wa jirani aliuinamia ule utando akauvuta kwa pipeti polepole, pumzi ameishika, mkono hautikisiki. "Dada," akaniambia alipomaliza, "humu ndimo zilimo chembe hai za kinga." Utando ule ukimponyoka, mtu aliyeacha kazi yake Temeke akaja kutoa damu atakuwa amekuja bure, na yeye analijua hilo kila anapoinama.

Kingamwili zinasomwa upande mwingine, kwenye kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, kila kimoja karibu sawa na punje ya hindi. Wanadondosha yale maji ya manjano ya damu, wanaosha, wanaongeza dawa, wanasubiri. Vishimo vyenye kingamwili vinageuka bluu. Kisha wanatia tindikali kidogo, bluu inakuwa njano, na mashine inapima njano hiyo imekolea kiasi gani. Nilisimama pale nikatazama vishimo vinavyobadilika rangi, na nikawaza kwamba kila kimoja kina mtu: ana mama, ana kodi ya nyumba, labda ana mchumba anayemsubiri.

Halafu kuna wengine ambao majina yao hayatokei kwenye makala za maprofesa. Yupo nesi mshauri anayemkalisha mtu chini na kumweleza kila hatari kabla hajatia sahihi. Yupo kaka anayechemsha vifaa na taka kwenye mtungi wa mvuke ili kisitoke kitu kilicho hai. Yupo wa takwimu, anayejua watu kwa namba badala ya majina. Na yupo fundi wa jenereta, maana sampuli zinakaa kwenye friji za nyuzi 80 chini ya sifuri, na umeme ukikatika usiku simu ya kwanza inamwendea yeye. Kwangu mimi hata wale polisi 60 walikuwa wafanyakazi wa maabara ile. Mikono yao ndiyo iliyofanya kazi yote iwezekane, hata kama hakuna aliyevaa koti jeupe.

Sasa tulia, maana hapa ndipo nataka uwe na macho makavu.

Kwamba kitu kipo, hakumaanishi kwamba ndicho kilichompata yeye. Kwenye tafiti hizi si kila mtu hupata chanjo. Wengine huchomwa maji ya chumvi, na wakati utafiti unaendelea hawajui nani kapata nini, wala anayewachoma hajui. Inafanywa hivyo ili matokeo yasipotoshwe na matumaini. Kwa hiyo swali lako la kwanza kule ni hili: huyu alipata chanjo halisi, au maji ya chumvi? Kumbukumbu zipo, na utafiti ukiisha siri hiyo hufunguliwa. Kama alipata maji ya chumvi, basi ile mistari miwili inatafutiwa sababu nyingine.

Swali la pili, watafute kirusi chenyewe, siyo askari wake. Kipimo hicho huitwa PCR, ndicho kile kile cha watoto wachanga. Lakini usitosheke na karatasi moja inayosema virusi havikuonekana, kwa sababu mtu anayemeza ARV, dawa za kufubaza virusi, vizuri naye virusi vyake havionekani kwenye damu. Waeleze wataalamu hofu yako yote, bila aibu. Wana njia ya kutofautisha, mojawapo ni kuangalia askari wenyewe: chanjo hutengeneza askari wa vile vipande tu vilivyowekwa ndani yake, maambukizi halisi hutengeneza askari wa kirusi kizima. Anayejua kusoma anaona.

Muwe wawili. Majibu ni ya kwake, hakuna atakayekupa wewe bila ridhaa yake, na ndivyo inavyotakiwa. Mwombe muingie pamoja kwa mshauri. Aje na kadi yake ya ushiriki kama bado anayo. Kama ameipoteza, aende na jina kamili na mwaka alioingia. Akikubali bila kusitasita, hiyo nayo ni habari. Akianza visingizio, leo nina kazi, kesho gari bovu, hiyo pia ni habari, na hapo sitakwambia ufunge ndoa.

Na wewe mdogo wangu, kama mmeshakuwa pamoja kimwili, mstari mmoja wa leo haujamaliza kazi. Mwili huchukua muda kutengeneza askari, kwa hiyo mweleze mshauri ukweli akupangie siku ya kurudia, na mpaka hapo kondomu. Simsingizii mwenzako chochote. Ningemwambia hivyo mdogo wangu wa tumbo moja.

Ikija kuthibitika kwamba ana maambukizi, bado hujafika mwisho wa dunia. Kuna dawa, na anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane, na vikaendelea kutoonekana, hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Kuna ndoa nyingi zenye watoto wazima katika hali hiyo hapa Temeke. Lakini uongo ungekuwa jambo jingine, na huo ungekuwa na haki ya kuukataa.

Kuhusu kukuficha. Una haki ya kuumia, na mwambie umeumia. Ila jua kwamba waliojitolea walikuwa na sababu za kunyamaza. Edith Tarimo, mtafiti na muuguzi wa Muhimbili, alikaa na polisi wa Dar es Salaam akawasikiliza wakieleza walivyofikiria kujiunga au kutojiunga. Wapo waliosema wanataka kuitumikia nchi na vizazi vijavyo. Na wapo waliorudishwa nyuma na watu wa nyumbani: mzazi kakataa, mwenza kaogopa, rafiki kacheka. Mtu aliyezungukwa na maneno hayo anajifunza kufunga mdomo. Mwenzako alipaswa kukuambia kabla ya mahari, hilo halina mjadala. Lakini ukimya wa aina hiyo hautokani na uhuni kila mara.

Mama yako usigombane naye. Mwambie, "Mama nipe siku hizi chache, nakwenda kwa wanaojua." Kamati usiiambie chochote, wala usiandike kitu kwenye grupu la WhatsApp. Tangazo la tatu linaweza kusubiri Jumapili moja au mbili, na mchungaji mwenye busara akielezwa ataelewa.

Najua kuna mtu anasoma hapa anauliza, na hiyo chanjo iko wapi baada ya miaka yote hiyo? Haijapatikana. Utafiti mkubwa wa juzi, PrEPVacc, ulichukua watu 1,512 kutoka Dar es Salaam, Mbeya, Masaka kule Uganda na Durban, na mwishoni mwa 2023 uchanjaji ukasimamishwa kwa sababu wasimamizi wa takwimu waliona chanjo hizo hazitaweza kukinga. Watu walilia. Mimi naheshimu sana mtu anayesimama mbele ya waliomtolea damu akasema, haikufaulu. Ingekuwa rahisi kuendelea kuchoma sindano na kunyamaza.

Nimebakiza nafasi ndogo kwa mama mmoja wa Mwananyamala. Anaandika kwamba binti yake amepata ajira kwenye maabara inayochunguza kidingapopo, yaani homa ya dengue, kazi yenyewe ni kupita nyumba kwa nyumba na wenzake wakiomba watu damu kidogo. Majirani wameanza kumwita mumiani, mnyonya damu za watu. Juzi kwenye shughuli watu walihamisha sahani zao alipokaa, na mama anataka aache kazi.

Mama yangu, shikamoo. Hofu ya mumiani nimelelewa nayo, bibi yangu alikuwa akitufungia ndani magharibi, kwa hiyo siwadharau majirani zako. Mtu akija mlangoni na sindano lazima aulizwe: unachukua damu kiasi gani, inakwenda wapi, nani ataona jina langu, na nikikataa au nikijitoa katikati itakuwaje. Kila utafiti halali una kibali cha kamati ya maadili na fomu ya Kiswahili yenye majibu hayo. Mwambie binti yako asisubiri kuulizwa, aanze yeye kueleza, na hasa hapo mtaani kwenu.

Halafu waambie majirani kwa nini damu yao inatafutwa. Mwaka 2014 kidingapopo kiliupiga mji huu, na Kinondoni ndiko kulikoumia zaidi. Mwaka 2019 kikarudi, wagonjwa wakazidi 6,000 nchini, wengi wao hapa hapa Dar. Na hakikurudi kilekile. Kidingapopo kina aina nne za virusi: ile ya 2014 ilikuwa aina ya pili, ya 2019 ikawa ya kwanza na ya tatu. Hapa kingamwili zinafanya jambo la ajabu. Mtu aliyeugua aina moja hubaki na askari wake, lakini akija kuumwa na aina nyingine, askari wale wa zamani hushindwa kuiua, badala yake huweza kuisaidia kuingia ndani ya chembe za mwili, na ugonjwa ukawa mkali kuliko wa kwanza. Ndiyo maana ni lazima ijulikane nani ameshabeba askari wa aina ipi, mtaa kwa mtaa. Binti yako anahesabu hao, kabla wimbi jingine halijaja na mbu wale wenye mabaka meupe wanaouma mchana na kuzaliana kwenye mapipa yetu na matairi ya uani.

Jina lenyewe la kidingapopo ni la kwetu. Daktari James Christie alilikuta Unguja wakati wa mlipuko wa mwaka 1870, watu wakiliita kidinga pepo, akaliandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1872. Na chikungunya, homa inayomkunja mtu viungo, ilipewa jina la Kimakonde baada ya mlipuko wa Newala wa 1952. Sisi ndio tuliougua na tukayapa maradhi haya majina. Kwamba leo mtoto wa Mwananyamala ndiye anayeshika mrija, badala ya mgeni, mimi linanigusa moyoni.

Usimwachishe kazi. Virusi haviji nyumbani kwenye gauni lake: koti linabaki kazini, glavu zinatupwa huko huko, na mikono ameosha mara nyingi kuliko sisi wote. Shughuli ijayo kaa wewe karibu naye, na mle sahani moja watu wakiona.

Na wewe wa Mbagala, nenda katikati ya wiki, asubuhi na mapema kabla foleni haijafunga. Mkirudi niandikie, hata kama ni mstari mmoja tu wa ujumbe, usiku wowote.